Mzazi wa mrushaji, weka daftari lako mwenyewe

Kama kijana wako ni mrushaji wa besiboli, yule anayemrushia mpigaji mpira, hapa Marekani na ameanza kuota kucheza kwa malipo, nunua daftari kabla hujamnunulia glavu nyingine. Andika tarehe, timu aliyoichezea na idadi ya mitupo aliyorusha. Nimemsindikiza kijana wangu tangu timu ya sekondari, kupitia chuo, hadi ligi ndogo, zile za malipo zilizo chini ya ligi kuu, anakocheza sasa, na mzazi mwenzangu akiniuliza pa kuanzia, huwa namwambia aanze na daftari.

Sababu yenyewe ni hii. Kocha wa sekondari anahesabu, kwani tangu msimu wa 2017 kila jimbo limetakiwa kuwa na kikomo cha mitupo na siku za kupumzika katika mechi za sekondari. Kocha wa timu ya kiangazi naye anahesabu, kwa kanuni za mashindano yake. Halafu kuna yale maonyesho ya vipaji, ambako maskauti, watafutaji wa vipaji wa timu, hukaa nyuma ya wavu wameshika rada za kupima kasi, na hakuna anayemuuliza mtoto juzi alirusha wapi. Kila mmoja anahesabu mitupo aliyoiona yeye, wakati mkono wa mtoto ni uleule mmoja. Asipokuwepo mtu wa kujumlisha yote, mtoto anaweza kuvunja mwiko kila wiki huku makocha wake wote wakiwa ndani ya kanuni.

Viwango vipo na havihitaji utaalamu. Mwaka 2014, Ligi Kuu ya besiboli, MLB, ikishirikiana na USA Baseball, shirikisho la besiboli la taifa, ilitoa mwongozo uitwao Pitch Smart. Kijana wa miaka 15 au 16 asizidishe mitupo 95 kwa siku. Wa 17 au 18 mwisho wake ni 105. Hizo namba kila mzazi anazitaja. Kinachosahaulika ni mapumziko. Kijana wa miaka 16 akirusha mara 31 hadi 45, anapumzika siku nzima kabla ya kurusha tena. Akifika 76, ni siku nne. Na kwa mwaka apate angalau miezi minne bila kurusha katika mechi za mashindano. Hiyo miezi minne ndiyo vita yenyewe, kwa sababu siku hizi kuna mashindano ya vuli, ya ndani wakati wa baridi, na mengine kabla theluji haijaisha. Kijana wangu alicheza mpira wa kikapu majira ya baridi, na baadhi ya wazazi walinionea huruma wakidhani nampotezea bahati. Sikujali, na hadi leo naona ndiyo miezi iliyomjenga zaidi, hasa miguu, ambako nguvu ya mrushaji inaanzia.

Pembeni mwa hesabu, acha nafasi ya kuandika unachokiona. Mrushaji aliyechoka haoni kwamba amechoka; anaona tu kwamba mwamuzi ameanza kumkatalia mitupo mizuri. Kiwiko kinashuka chini ya usawa wa bega. Mipira inaanza kwenda juu. Anazunguka kituta anachorushia, anaokota mfuko wa unga wa kukausha mkono, anaurudisha, anaokota tena. Wangu alikuwa na dalili yake: akikaribia kuishiwa, aliirekebisha kofia kwa mkono wa kushoto, wakati siku zote huishika kwa wa kulia, ule anaorushia. Hakuwa anajua kama anafanya hivyo. Nilipoliona hilo limejirudia daftarini, kila mara likiwa kipindi kimoja cha mchezo kabla mipira yake haijaanza kupigwa vibaya na wapinzani, nilimwonyesha kocha wake wa sekondari, naye akaanza kumtazama kofia.

Siku moja daftari lilitugombanisha na watu. Alhamisi alikuwa amerusha zaidi ya mara 80 katika mechi ya mwisho ya sekondari, akiwa na miaka 16. Jumapili kocha wa timu ya kiangazi akamwambia ajiandae kufunga mchezo wa fainali, yaani kurusha mwishoni mwake. Nikamfuata, nikamwambia bado hajamaliza mapumziko. Akanijibu, “Mzee, kwangu mimi wiki hii hajarusha hata mpira mmoja.” Na alikuwa anasema kweli. Nilifungua ukurasa nikamwonyesha. Alikasirika, akampa mwingine, na kijana wangu akakaa benchi kwa muda baada ya hapo. Kiangazi kilichofuata tulitafuta timu nyingine. Mzazi, ukifikishwa hapo, simama imara. Timu za kiangazi ziko nyingi.

Najua hofu iliyopo. Kasi ndiyo inayoita maskauti, na mtoto anayepumzika anaonekana kama anaachwa nyuma. Ripoti ya MLB yenyewe iliyotoka Desemba 2024 ilitaja kukimbilia kasi na kurusha kwa nguvu zote kila mara kuwa miongoni mwa vyanzo vya majeraha ya warushaji, na ikaonya kwamba tabia hiyo imeshuka hadi kwa watoto. Kinachochanika mara nyingi ni ligamenti ya upande wa ndani wa kiwiko. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimfanyia mrushaji wa ligi kuu Tommy John upasuaji wa kuitengeneza kwa kutumia kano iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili. John alirudi uwanjani 1976 akashinda mechi 164 zaidi. Habari njema hiyo imezaa imani mbaya: nimewasikia wazazi wakiuzungumzia upasuaji huo kama kituo cha kawaida safarini, eti mkono hurudi na kasi zaidi. Kurudi huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na wapo wasiorudi kabisa. Kwa kijana wa sekondari, hicho ni kile kipindi ambacho vyuo vinamtazama.

Sasa tuje kwenye chuo na mkataba. Uteuzi wa wachezaji wapya wa MLB, ambapo timu huchagua vijana kwa zamu, raundi baada ya raundi, hufanyika Julai. Zamani ulikuwa na raundi 40. Tangu 2021 zimebaki 20. Kijana anaweza kuchaguliwa akimaliza sekondari. Akiingia chuo cha miaka minne, kwa kawaida anasubiri hadi amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Akienda chuo cha miaka miwili, anaweza kuchaguliwa mwaka wowote. Njia hiyo ya mwisho wazazi wengi wetu huidharau kwa sababu ya jina, nami nawaomba waitazame upya. Mark Buehrle alitoka chuo cha miaka miwili, akachukuliwa na Chicago White Sox raundi ya 38 mwaka 1998, hakuwa na kasi ya kutisha, na bado alistaafu na ushindi 214 baada ya kurusha vipindi 200 au zaidi kwa misimu 14 mfululizo. Raundi ya 38 leo haipo, kwa hiyo kijana wa aina yake anahitaji muda zaidi wa kukua kabla ya kuonekana.

Kwa maoni yangu, kama fedha za kusaini si nyingi kiasi cha kubadilisha maisha yake, aende chuo kwanza. Mishahara ya ligi ndogo iliboreshwa na mkataba wa 2023, lakini kima cha chini katika ngazi ya mwanzo kiliwekwa dola 19,800 kwa mwaka, na katika ngazi ya Triple-A, hatua moja tu kutoka ligi kuu, dola 35,800. Kima cha chini cha ligi kuu mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Kati ya hapo na pale ni miaka, na wengi hawafiki. Tayler Scott, mzaliwa wa Johannesburg aliyesoma sekondari Arizona, alichaguliwa na Chicago Cubs raundi ya tano mwaka 2011. Alipanda kituta cha ligi kuu kwa mara ya kwanza 2019, mrushaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kufika huko. Ni miaka minane kwa kijana aliyechaguliwa mapema. Akisaini akiwa ametoka sekondari, hakikisheni ada ya chuo imeandikwa ndani ya mkataba.

Kwenye kuchagua chuo, daftari lilitusaidia kuliko picha zote za video. Tulilibeba kila tulipoalikwa. Kocha mmoja alilipokea, akalisogeza pembeni ya meza, akaendelea kutueleza juu ya uwanja mpya. Mwingine alifungua ukurasa baada ya ukurasa, akauliza kwa nini Aprili fulani mitupo ilipungua, akamuuliza kijana, si mimi, anajisikiaje siku ya pili baada ya kurusha. Kijana wangu alimchagua huyo wa pili. Nanyi ulizeni: wanafunzi wa mwaka wa kwanza mwaka jana walirusha vipindi vingapi? Aliyefunga mechi ya Ijumaa huitwa tena Jumapili? Nani ana neno la mwisho mkono ukiuma?

Hili la mkono kuuma mlizungumze nyumbani mapema, kabla halijatokea, kwa sababu kijana mwenye ndoto hujifunza haraka kuficha. Mwambie tofauti ya uchovu wa misuli, ambao huisha kwa siku moja au mbili, na maumivu ya ndani ya kiwiko. Na akikwambia ni kiwiko, asirushe tena mpaka aonwe na daktari wa mifupa aliyezoea warushaji, hata kama skauti ameahidi kuja Jumamosi.