Mnaoanza kazi ya mabango Mwanza, jaribuni kwanza herufi m

Wadogo zangu, wiki hii limerudishwa tena bango ambalo neno Mwaloni halisomeki ukiwa ng'ambo ya barabara. Nimeona niandike, maana kila anayeingia kazini anapita palepale: anachukua fonti ya monospesi, anainenepesha, hajaribu kwanza.

1. Fonti ya monospesi inaipa kila herufi upana uleule, iwe i au m. Ukiinenepesha, upana hauongezeki. Unene unaingia ndani. Herufi i haina tabu, ndiyo maana huwekewa kikono juu na kitako chini ili ijaze nafasi yake. Lakini m ina miguu mitatu, na ikiwa boldi, yaani imenenepeshwa, mianya katikati yake inazibika. Sasa hesabuni m na w zilizomo kwenye Kiswahili: Mwanza, mwenyekiti, mwanamume. Sampuli za Kiingereza mnazochagulia fonti haziwaonyeshi hilo.

Bango lenyewe lilikuwa la bei za sangara na dagaa. Kijana wetu alichukua fonti isiyo na faili ya boldi, akabonyeza B, na programu ikapaka tu unene pembeni mwa kila mstari. Kwenye skrini alikuwa amevuta karibu, akaona safi. Alipogundua m imebana, akayavuta maandishi kwa upana: miguu ya wima ikazidi kunenepa, mistari ya mlalo ikabaki vilevile, sifuri zikatanuka. Akachapa. Mama mwenye biashara akasimama mbele ya bango, akauliza kwa upole, "Mwanangu, hapa pameandikwaje?" Turubai zima likaenda bure. Tulirudia kwa Source Code Pro, ambayo mbunifu wa fonti Paul D. Hunt wa kampuni ya Adobe aliitoa mwaka 2012 ikiwa na faili halisi kwa kila uzito, yaani kila kiwango cha unene. Tukashuka kutoka Bold hadi Semibold, tukaongeza ukubwa, m ikapumua.

2. Ng'ombe. Kile kialama cha juu nacho kinapewa nafasi nzima, kwa hiyo neno linapasuka katikati. Kwenye bango la bucha, sogezeni herufi kwa mkono.

3. Monospesi itumieni penye tarakimu. Hapo ndipo ninapoipenda kweli. Bei zikipangwa kulia, 8,500 inakaa sawasawa chini ya 12,000, na mstari wa Jumla mkiuweka boldi safu haisogei hata kidogo. Fonti za kawaida hazina uhakika huo. Risiti ya karatasi yenye upana wa milimita 58 kwa kawaida hubeba herufi 32 kwa mstari, ya milimita 80 hubeba 48. Hesabuni jina la duka mapema.

4. Namba za mitumbwi: Source Code Pro inatia nukta ndani ya 0 isichanganywe na O. Mkikata stensili, nukta hiyo itadondoka pamoja na kila kilichozungukwa. Wekeni vidaraja, yaani vipande vyembamba vya kuishikilia sehemu ya ndani.

Na kabla ya kumwita mteja, chapeni "mwanamume ng'ombe 0O1l" kwa ukubwa halisi, bandikeni ukutani, kisha vukeni barabara mkaisome.