Darubini ya mara nne au ya mara sita kwa bunduki ya .30-06

Ndugu, umeeleza kwamba umepata bunduki ya .30-06 (yaani inayotumia risasi za kipimo hicho), kwamba unawinda kwa leseni ya mkazi hapa Tanzania, na kwamba umetenga dola kama 300 za Marekani kwa ajili ya darubini ya kulengea. Unauliza kama ununue yenye ukuzaji mmoja usiobadilika au ile ya kuzungusha kutoka mara tatu hadi mara tisa, kwa kuwa bei zinakaribiana. Nakushauri ununue ya ukuzaji mmoja, na ikiwa sehemu kubwa ya uwindaji wako ni katika miombo, ununue ya mara nne. Naeleza kwa kirefu kidogo, maana mimi nilianza na hiyo ya kuzungusha nikaijutia.

Asubuhi moja upande wa Tabora nilikuwa nimeipandisha hadi tisa ili nimtazame kongoni aliyesimama ng'ambo ya mbuga, kisha nikasahau kuirudisha. Baadaye tukiwa tunatembea, tohe aliinuka kwenye nyasi kiasi cha mita 20 mbele yangu. Nilipoipandisha bunduki begani niliona manyoya matupu, nisijue kama ni bega, tumbo au paja. Sikufyatua, na hadi leo nashukuru, kwa sababu risasi ya kubahatisha humwacha mnyama akaenda kufia mbali kwa mateso. Hesabu yake ni rahisi: katika mara tisa, darubini ya kawaida huonyesha upana wa mita 4 na nusu hivi kwa umbali wa mita 100, kwa hiyo kwa mita 20 unabaki na upana usiofika mita 1. Darubini ya mara nne huonyesha karibu mita 8 kwa mita 100, na kwa tohe yule ningeona mwili mzima pamoja na nyasi zilizomzunguka.

Sababu ya pili ni kile unacholipia. Darubini ya kuzungusha ina lenzi zinazosogea ndani ya bomba lake, na kila kinachosogea kinapaswa kuchongwa kwa usahihi mkubwa, la sivyo shabaha huhama unapobadilisha ukuzaji au gari linapopita kwenye makorongo. Kwa dola 300, mtengenezaji wa ile ya ukuzaji mmoja ana sehemu chache za kutengeneza, hivyo fedha yako huenda kwenye kioo chenyewe na uimara. Pia huwa nyepesi, jambo utakalolithamini ukishatembea kutwa.

Kuhusu mwanga, kumbuka kwamba sheria yetu hairuhusu kuwinda usiku, kwa hiyo unachohitaji ni kuona vizuri alfajiri na jua linapozama. Gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, upate upana wa mwali wa mwanga unaofika kwenye jicho: kwa ya mara nne yenye lenzi ya milimita 33, 33 kwa 4 ni milimita 8 na kidogo; kwa ya mara sita yenye lenzi ya milimita 42, 42 kwa 6 ni milimita 7. Mboni ya jicho la kijana hupanuka gizani hadi milimita 7 hivi, na hupungua kadiri umri unavyosogea. Zote mbili, basi, zinalipatia jicho lako mwanga wote linaoweza kuupokea, na huna haja ya lenzi kubwa ya milimita 50 au 56 inayokulazimisha kuinua shavu kutoka kwenye kitako.

Ya mara sita ningemshauri mtu anayewinda maeneo ya wazi, ambako mnyama husimama mita 200 na zaidi. Haishindwi msituni, ila inataka mazoea zaidi ya kuipandisha begani haraka.

Usipuuze nafasi kati ya jicho na lenzi ya nyuma. Bunduki ya .30-06 hupiga teke la kutosha, hasa ukifyatua umelala au umeelekea mlimani, na nimeona wenzangu wawili wakipasuliwa nyusi. Tafuta nafasi ya sentimita 9 hadi 10. Leupold 4x33 (yaani ukuzaji wa mara 4 na lenzi ya mbele ya milimita 33) inayo nafasi hiyo, na ndiyo niliyo nayo sasa. Weaver K4 ni ya bei nafuu zaidi na inatosha kabisa. Kwa mara sita, angalia Leupold 6x42 au SWFA 6x42. Chagua alama ya msalaba yenye nyuzi nene pembeni zinazokonda katikati, kwa sababu nyuzi nyembamba tupu hupotea kwenye kivuli. Na usitumie fedha yote kwenye darubini ukanunua pete dhaifu za kuifungia.

Ukipata iliyotumika, ifunge kwenye bunduki kabla ya kulipa, ikiwa muuzaji anakubali. Piga risasi 3 kwa mita 100, zungusha vitasa vya kurekebishia shabaha, cha juu na cha ubavuni mwa darubini, hatua 20 juu, kisha 20 kulia, 20 chini na 20 kushoto, halafu piga nyingine 3. Zikiangukia mahali pale pale penye zile za mwanzo, darubini ni nzima. Baada ya hapo irekebishe ipige sentimita 5 juu ya alama kwa mita 100; risasi ya greni 180 (uzito wa karibu gramu 12) itapiga pale pale ulipolenga kwa umbali wa karibu mita 180, na huhitaji kugusa kitasa tena msimu mzima.