Kikombe cha kahawa kinachonuka: anza na raba ya mfuniko

Dada, umesema kikombe chako cha chuma cha kubebea kahawa unakiosha kwa sabuni kila jioni, lakini ukikifungua asubuhi kinanuka uchachu, na sasa unataka kukitupa. Usikitupe. Mimi nauza kahawa na chai ya maziwa hapa Malaba, upande wa Uganda, na madereva wa malori wanaosubiri foleni ya mpaka huniletea vikombe vyao niwajazie. Vinavyonuka navijua, na mara nyingi tatizo haliko kwenye chuma.

Geuza mfuniko. Kwa ndani kuna raba inayozuia kahawa isimwagike. Ing'oe kwa mpini wa kijiko, si kwa kisu, maana ikikatika kidogo tu kikombe kitavuja. Chini yake utakuta utando wa kahawia unaoteleza kama bamia, pengine na vidoa vyeusi vya ukungu. Harufu yako inatoka hapo, na sabuni ya juujuu haipafikii. Kahawa ina mafuta, na hii arabika yetu ya Mlima Elgon inayo mengi kuliko robusta, ile aina nyingine ya kahawa. Mafuta hayo yakikaa na hewa yanachacha, na raba ya silikoni huyafyonza pamoja na harufu yake.

Raba isugue kwa mswaki wa zamani na sabuni, uichemshe kama dakika kumi, kisha uianike juani. Silikoni inastahimili maji yanayochemka, ila mfuniko wa plastiki usiuchemshe, unaweza kupinda na usifunge tena. Huo uloweke usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu yenye bekingi soda, na tundu la kunywea ulipitishe kijiti chenye pamba.

Kikombe chenyewe kitie kijiko kimoja cha mezani cha bekingi soda kwa nusu lita ya maji moto, ukiache saa kadhaa, halafu usugue kwa brashi ya chupa. Kiache wazi! Soda kwenye maji moto hutoa gesi, na mfuniko uliokazwa unaweza kufyatuka. Tena angalia dukani usipewe beking poda, ambayo imechanganywa na tindikali na wanga.

Wapo watakaokwambia uchanganye soda na siki kwa pamoja. Povu linapendeza, lakini vitu hivyo viwili humalizana nguvu, nawe unabaki na maji ya chumvichumvi. Soda ni ya mafuta na harufu. Siki au limau itumie siku nyingine, kuondoa ukoko mweupe wa chokaa kama unachemsha maji ya kisima. Stilwaya inakwaruza, na uchafu hujificha kwenye mikwaruzo. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo usiikaribishe kabisa: inakula chuma hata kile kisichoshika kutu, ikakiachia vishimo.

Ukinywea chai ya maziwa humo, suuza kwanza kwa maji baridi, ndipo ufuate maji moto na sabuni. Ukianza na maji moto, protini ya maziwa inagandia ukutani. Wafugaji wa Ankole, magharibi mwa Uganda, hufukiza vyombo vyao vya mbao kwa moshi wa nyasi, na maziwa yake yananukia vizuri sana, lakini usijaribu hilo kwenye kikombe chako. Silikoni itashika moshi na hautatoka upesi. Na kama kipato kinaruhusu, chai ya tangawizi itafutie kikombe chake.

Ukishaosha, usikifunge. Kigeuze juu ya kitambaa safi, mfuniko kando, raba kando, hadi asubuhi. Unyevu uliofungiwa ndani unarudisha harufu hata kwa kikombe kilichooshwa vizuri.

Kupima kama kimepona, tia maji moto matupu, funga nusu saa, kisha unuse na uonje. Maji yakinuka, badilisha raba kwanza. Ukipata ya ukubwa uleule inatosha. Na kama ndani ni plastiki, si chuma, tuambie hapa, maana plastiki iliyofyonza mafuta muda mrefu mara nyingi haisafishiki tena, na hapo nitakushauri ununue kingine.