Usione Haya Kulilia Mtu wa Kuchorwa

Juzi msomaji mmoja wa manga, vile vitabu vya hadithi za picha kutoka Japani, alinitumia ujumbe saa nane za usiku. "Dada, samahani kwa kukusumbua. Nimemaliza kusoma manga sasa hivi na nimelia mpaka macho yamevimba. Baba yangu alipofariki sikutoa hata chozi moja. Hivi nina moyo wa jiwe, au nina matatizo ya akili?"

Nilimjibu mistari miwili tu usiku uleule, nikamwahidi jibu refu. Hili hapa, mdogo wangu, na naliandika hadharani kwa sababu najua hauko peke yako.

Huna moyo wa jiwe. Uliyekuwa unamlilia ni baba yako. Msiba haufi kwa kunyamaziwa. Unakaa ukingoja mahali pa salama pa kutokea. Kwako mahali hapo palikuwa ukurasa wa manga, kwa sababu mbele ya ukurasa hakuna anayekutazama, hakuna anayekwambia ujikaze, na wala hakuna anayehitaji kufarijiwa na wewe.

Yalinikuta. Mama yangu alifariki nikiwa mtoto, na watu wazima walionizunguka wote walikuwa na neno moja. Jikaze. Wewe ndiye mkubwa, wadogo zako wanakutazama, jikaze. Nikajikaza. Nguo zake zikagawanywa, picha yake ikatolewa ukutani, jina lake likaacha kutajwa ndani ya nyumba, yote kwa nia njema, ati tusihuzunike. Nilijikaza vizuri mno hata nikasifiwa mbele za watu: "Huyu mtoto ana busara, hata kulia halii." Sifa ile inaniuma mpaka leo. Mtoto anayesifiwa kwa kutolia hujifunza kwamba machozi yake ni mzigo kwa wengine, na somo hilo hukaa naye hata akiwa mtu mzima.

Miaka ikapita. Nikasoma, nikapata kazi, nikawa yule mtu ambaye kila mwenye shida humkimbilia. Ndipo mtu wa kazini aliponiazima juzuu la kwanza la Fullmetal Alchemist.

Kwa wasioijua, ni kazi ya Hiromu Arakawa, ilichapishwa kuanzia mwaka 2001 hadi 2010, juzuu 27. Edward na Alphonse ni ndugu wawili waliofiwa na mama yao wakiwa wadogo. Wana kipaji cha alkemia, elimu ya kugeuza kitu kuwa kitu kingine, wakaamua kumrudisha mama. Mahali fulani mapema katika kisa, Edward anataja viambato vya mwili wa mtu mzima: maji lita 35, kaboni kilo 20, amonia lita 4, chokaa kilo 1.5, fosforasi gramu 800, chumvi gramu 250, anaendelea hivyo hadi kwenye gramu 5 za chuma na gramu 3 za silikoni. Kisha anasema vyote hivyo mtoto anaweza kuvinunua kwa pesa zake za mfukoni.

Nilikwama hapo. Niliisoma ile orodha, nikairudia tena na tena. Maana mimi pia nilikuwa na hesabu yangu. Ningewahi kurudi siku ile. Ningenyamaza aliposema kichwa kinamuuma. Ningemwita jirani kabla ya giza kuingia. Mtoto aliyefiwa hupiga hesabu usiku na mchana, anaamini kuna kiasi fulani cha utii au cha haraka ambacho kingemwacha mama hai. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba watoto wengine nao hupiga hesabu hizo. Aliyeniambia ni kijana wa kuchorwa, mwenye kanzu nyekundu na mkono wa chuma.

Jaribio lao linakwenda vibaya. Edward anapoteza mguu, Alphonse anapoteza mwili mzima, na Edward anautoa mkono wake wa kulia ili roho ya mdogo wake ifungwe ndani ya vazi la chuma. Kitu walichokiumba kinakufa palepale. Wanaamini wamemuua mama yao mara ya pili.

Lakini sura iliyonibadilisha ni ya mbele sana, ile ambayo Edward anarudi kufukua mahali kile kitu kilipozikwa. Mvua inanyesha. Bibi jirani aliyewalea yupo naye. Edward anachimba, anatapika, anachimba tena. Wanapoifikia mifupa wanakuta mfupa wa paja ni mrefu kuliko wa mama yao, na nywele ni nyeusi, wakati za mama zilikuwa za rangi ya kahawia. Hakuwa yeye. Hakuwahi kuwa yeye. Miaka yote ile alikuwa amebeba hatia ya kumuua mtu ambaye hakuwa pale kabisa.

Niliweka juzuu chini, nikampigia simu mama mdogo.

Sikuwahi kumuuliza chochote kuhusu kifo cha dada yake. Nilimwamkia, nikamuuliza moja kwa moja: "Mama mdogo, siku ile mama alipozidiwa, ningewahi kurudi angepona?" Alinyamaza, kisha akalia, na mimi nikalia naye. Akaniambia ugonjwa ule ulikuwa umemkaa mama muda mrefu, madaktari walishasema, mama mwenyewe alijua, na alikuwa ameomba watoto tusiambiwe. "Mwanangu, kumbe umekaa na hilo miaka yote?" Ndiyo, mama mdogo, nilikaa nalo. Mlininyamazisha, nikakaa nalo.

Nasema haya bila kuona aibu, na kwa fahari: manga ilinipa ujasiri wa kuuliza swali ambalo ukoo mzima ulilikwepa. Anayeziita manga vitu vya kitoto hajazisoma.

Mara nyingi huulizwa kwa nini kitabu cha picha na siyo filamu, na nimekaa sana na swali hili. Filamu ina mwendo wake. Jambo zito likija linakupitia kwa kasi aliyoichagua mwingine. Ukurasa unakungoja. Wachoraji wa manga ni mafundi wa ukimya: wataweka ukurasa mzima usio na neno, mkono tu, au kikombe mezani, au mgongo wa mtu anayeondoka, na wewe ndiye unayeamua kukaa hapo kwa muda gani. Ukizidiwa unafunga. Ukiwa tayari unafungua. Mtu aliyeumizwa alinyang'anywa uamuzi siku ile alipoumizwa, na kuupata tena, hata kwa kidole tu kinachogeuza ukurasa, ni jambo kubwa. Kwa hiyo usikimbilie kumaliza juzuu. Pale unapoona pumzi inakubana, simama. Hapo ndipo penye habari yako.

Sasa mapenzi, maana wengi mmeniuliza.

Kuna mtu niliyempenda sana, na tulishafika mbali, hadi wazazi wamejuana. Siku moja alinikuta nasoma huku machozi yananitiririka. Akacheka. Akanipiga picha, akawatumia rafiki zake na maneno haya: "Mwone mtu mzima analilia katuni." Niliiona ile picha baadaye kwenye simu ya mtu mwingine. Bado naikumbuka sura yangu mle, na sitaki kujifanya kwamba imeacha kuniuma.

Wakati ule nilikuwa nasoma Fruits Basket ya Natsuki Takaya, iliyoanza mwaka 1998 na kumalizika 2006. Kyo ni kijana mwenye laana. Anavaa shanga mkononi, na zikivuliwa anageuka kiumbe cha kutisha chenye harufu ya kuoza. Mama yake alikuwa akimwambia anampenda, kwamba yuko tayari hata kufa kwa ajili yake. Na mama huyohuyo alikuwa akikagua zile shanga mara kwa mara kila siku, akimficha ndani ili watu wasimwone. Mtoto alisikia neno upendo, macho yake yakaona hofu, na akaamini macho. Watoto wote huamini macho.

Halafu yuko Tohru, msichana yatima. Siku shanga zinapovuliwa naye anaogopa. Anatapika. Mwandishi hakumfanya malaika, na ndiyo maana namheshimu mwandishi huyu. Tohru anamfuata Kyo hivyohivyo, anamshika akitetemeka, anamwambia waziwazi kwamba anaogopa, na kwamba bado anataka waendelee kuishi pamoja, kula pamoja, kuhangaika pamoja. Nilipofika hapo nilijua uchumba wangu umekwisha. Nilikuwa nimezoea kupendwa nikiwa na shanga mkononi: mchangamfu, mwenye nguvu, asiyelia. Siku shanga zile ziliponitoka kidogo tu, nilipigwa picha.

Niliye naye sasa hasomi manga kabisa. Aliponikuta nalia alikaa kando yangu akasema, "Nisomee hapo unapolilia." Nikamwonyesha jinsi visanduku vinavyofuatana kutoka kulia kwenda kushoto, nikamsomea kurasa chache. Aliuliza swali moja tu: "Huyu mama mtu alikuwa anaogopa nini?" Tuliongea hadi usiku wa manane, na katikati ya mazungumzo yale alinisimulia habari za mama yake mwenyewe.

Basi, wewe unayesoma hapa, ukitaka kumjua mtu, mpe kisa unachokipenda. Usimpe kama mtihani wa kujua ana ladha nzuri au mbaya. Tazama anafanya nini na ulipoumia. Anayekicheka kilio chako leo atakicheka na kesho ukiwa mgonjwa, ukifilisika, ukifiwa. Muache. Nasema muache, na sirudi nyuma.

Na kwa wanaodhani machozi haya ni ya bure kwa kuwa kisa ni cha kubuni, niwape habari za Keiji Nakazawa. Alikuwa na umri wa miaka 6 bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, Japani, tarehe 6 Agosti 1945. Ukuta wa shule ulimkinga. Baba yake, dada yake na mdogo wake wa kiume walikufa nyumbani. Alipokua akahamia Tokyo, akawa mchoraji wa manga za kawaida, na habari za bomu hakutaka kuzigusa, maana walionusurika walikuwa wakibaguliwa. Mwaka 1966 mama yake alifariki. Baada ya mwili kuchomwa, Nakazawa alitafuta mifupa ya mama kwenye majivu, kama ilivyo desturi kwao, asiipate. Aliamini mionzi ndiyo iliyoila. Hasira ile ndiyo iliyomrudisha kwenye meza ya kuchorea, na mwaka 1973 Hadashi no Gen, manga yake kuhusu Gen, mtoto wa Hiroshima, ikaanza kutoka katika jarida la watoto. Mtoto yule wa kwenye picha, anayevuta mbao zilizowaangukia ndugu zake, si wa kubuni kwa maana unayoidhani. Ukimlilia, kuna mtu alikukabidhi kilio chake kwa mkono wake.

Mnaniuliza, tuanzie wapi? Anzia kwenye sura unayoirudia. Kila msomaji anayo moja; hata kama unasema huna, tazama juzuu lipi limechakaa zaidi, au sura ipi simu yako inaikumbuka. Irudie polepole. Jiulize nani mle ndani ni wewe, na uwe mkweli, maana wakati mwingine si shujaa. Wakati mwingine ni yule mama wa shanga.

Kisha andika. Mwaka 1986 wanasaikolojia wawili wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku 4 mfululizo. Walioandika jambo lililowaumiza pamoja na hisia zao walijisikia vibaya zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Kwa hiyo ukiandika ukajikuta una huzuni jioni ile, usiogope. Anza na mhusika: andika kwa nini unamhurumia. Ukifika mstari wa tano utaona "yeye" imegeuka "mimi". Iache igeuke.

Halafu mwambie mtu aliye hai. Hapa ndipo wengi wenu mnaposimama, na hapa ndipo nitakapopaza sauti. Kulala na wahusika, kuamka na wahusika, kubadilisha kisa kimoja kwa kingine mwaka baada ya mwaka bila kumpigia mama mdogo simu, hakutakuponya. Edward alichimba. Wewe pia chimba. Tafuta yule mmoja katika ukoo anayejua, muulize, hata sauti ikitetemeka.

Na kama unaota tukio lilelile, kama unashtuka kwa kishindo kidogo, kama kuna njia huwezi kupita au harufu huwezi kuvumilia tangu siku ile, usiishie kwangu wala kwenye manga. Nenda kwa mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili. Ukikosa pa kuanzia kusema, beba juzuu lenyewe, fungua ukurasa ule, umpe asome.