Pima Njia Kabla ya Kuilaumu Betri

Juma lililopita nilipita kwenye saiti moja upande wa Pongwe, hapa Tanga, nikawakuta vijana wawili ninaowapenda kama wadogo zangu wa tumbo moja wakiteremsha betri mpya kutoka kwenye bajaji. Ilikuwa betri ya tatu kufungwa katika kijiko kile kidogo, yaani mashine ya kuchimbia, ndani ya miezi minne. Niliwauliza stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, inapovuta volti zinashuka hadi ngapi. Mmoja alinyamaza, na mwingine akanijibu kwa adabu: "Hatujapima, kaka, lakini mashine yenyewe inaandika betri iko chini." Sikuwafokea, kwa sababu jibu hilo niliwahi kulitoa mimi mwenyewe, na lilimgharimu mtu asiyekuwa na hatia. Ndiyo maana nimeona niwaandikie ninyi nyote mnaoanza kazi ya umeme wa mashine ndogo.

Taa ya betri inapowaka, au kioo kinapoandika kwamba volti ni ndogo, mashine haijasema kwamba betri ni mbovu. Imesema tu kwamba pale inapopimia yenyewe, umeme umefika pungufu. Kati ya hapo na betri kuna vibano, swichi kuu, fyuzi kuu, waya nene, altaneta inayochaji betri na mkanda wake, na kuna njia nzima ya kurudi ambayo wengi wenu hamuitazami kabisa. Hata kwenye injini za kompyuta, msimbo wa hitilafu wa SPN 168 unahusu volti za umeme unaoingia, na tarakimu ya FMI inayoufuata inaeleza hitilafu ya volti hizo ni ya namna gani. Hakuna mahali msimbo huo unapoamuru betri ibadilishwe.

1. Betri ipimwe ikiwa imepumzika. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu hivi, na ikifika 11.9 haina kitu. Ukipima mara tu baada ya kuzima injini utasoma 13 na ushei, nawe utafurahi bure, kwa kuwa huo ni umeme wa juu juu. Washa taa za kazi kwa dakika moja au mbili, zizime, subiri kidogo, kisha pima. Betri yenye vifuniko vya kufungua ipimwe pia kwa haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, seli moja baada ya nyingine, kwa sababu seli moja iliyokufa haifichiki mbele ya haidromita.

2. Betri ipimwe ikiwa kazini. Chomoa plagi ya solenoidi ya mafuta, ile inayofungulia injini mafuta, ili injini isiwake, mwenzako avute stata kwa sekunde zisizozidi 10, nawe utazame mita. Betri nzima iliyojaa haitakiwi kushuka chini ya volti 9.6 hivi. Ikishuka zaidi, ichaji kwanza hadi ijae, kisha rudia kipimo kabla ya kutoa hukumu. Ikibaki juu, tuseme 10.8, na stata bado inavuta kwa uzito, basi betri imetoa umeme wake na umeme huo umepotelea njiani. Wengi wenu mnafika hapa, mnaona 10.8, na bado mnaibeba betri kwenda dukani.

3. Njia ya kurudi. Hapa nitakaa kwa muda mrefu, mnivumilie.

Nilikuwa na miaka mitano katika kazi hii, na nilijiona nimekwisha kuwa fundi. Nilikabidhiwa kijiko cha tani tatu hivi kilichokuwa kikichimba mitaro ya maji katikati ya mji, kazi iliyofanyika usiku ili kukwepa magari ya mchana. Raba za kushikilia injini zilikuwa zimechoka. Niliinyanyua injini, nikabadilisha raba, na kwa kuwa injini ilikuwa imekwisha nyanyuliwa, mwenye mashine aliomba fremu ipigwe rangi kuzuia kutu. Rangi ilipokauka nikashusha injini na kufunga kila kitu mahali pake, ukiwamo ule waya bapa wa ethi unaounganisha injini na fremu. Bolti yake niliikaza kwa mkono wangu, juu ya rangi mpya.

Mnajua waya ule una kazi gani. Injini imekalia raba, na raba haipitishi umeme. Upande hasi wa betri umefungwa kwenye fremu, kwa hiyo umeme wote wa stata hauna budi kurudi kwa waya ule mmoja, na umeme wa altaneta unaochaji betri nao unapita hapo hapo. Mimi nilikuwa nimeweka rangi katikati, na mguso uliobaki ulikuwa ni wa meno ya bolti peke yake. Kwa wiki kadhaa meno hayo yalitosha. Kisha upepo wa kusi ukaja na chumvi yake, yakaanza kuota kutu, na stata ikaanza kuvuta kizembe.

Niliitwa. Sikupima lolote zaidi ya kuweka mita kwenye betri, nikaona 12.1, nikasema betri imekufa. Ikanunuliwa mpya. Baada ya wiki tatu hali ikarudi. Safari hii niliwasha injini taa zote za kazi zikiwaka, nikapima kwenye betri, nikasoma 13.1, nikatangaza kwamba altaneta haichaji. Ikanunuliwa altaneta. Nilipoifunga nilipima taa zikiwa zimezimwa, nikasoma 13.9, nikafunga kifuniko na kuondoka nikiwa na furaha. Sikujiuliza kwa nini kipimo cha pili sikukifanya katika hali ile ile ya kipimo cha kwanza. Kama ningewasha taa, ningeiona 13.1 yangu imekaa pale pale ikinisubiri.

Betri ya pili ilipoanza kudhoofika, mwenye mashine aliniuliza mbele ya watu sababu ni nini. Nilikuwa nimekwisha badilisha kila nilichokijua. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka neno kwa neno, "Bila shaka opereta anaacha swichi wazi anapomaliza zamu." Opereta alikuwa kijana wa miaka 22, mpole, anayefuta kioo cha mashine yake kila jioni kabla ya kuiwasha. Aliapa kwamba hakuwahi kuacha swichi wazi. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu fundi alikuwa amesema. Jioni ile ile alilipwa siku zake na kuambiwa asirudi.

Siku nne baadaye, opereta mwingine akiwa juu ya kiti, kijiko kiligoma kabisa. Nilimfuata mzee mmoja wa Ngamiani aliyenifundisha kushika mita. Alikuja, akaamkiwa, hakufungua boksi la spana. Alisema tu stata ivutwe, kisha akaweka kiganja juu ya ule waya wa ethi na kukiondoa upesi. Akaniita nami niushike. Ulikuwa wa moto kwenye bolti, na ganda la kebo ya mafuta inayotoka kwenye mkono wa kuongezea mwendo lilikuwa limelainika, kwa sababu umeme uliokosa njia yake ulikuwa ukijipenyeza kwenye uzi wa chuma ulio ndani ya kebo ile. Aliweka ncha moja ya mita kwenye bloku ya injini na nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Stata ilipovutwa, mita ikasoma volti 3.3. Mahali hapo hapatakiwi kuzidi 0.2.

Akasema, "Mwanangu, betri umebadilisha, altaneta umebadilisha. Njia umeipima?"

Nilifungua bolti mwenyewe. Chini ya kichwa cha waya kulikuwa na duara safi la rangi ya njano, haijakwaruzwa hata kidogo, na kuizunguka kulikuwa na unga wa kijani wa shaba iliyoliwa na chumvi. Nilikwangua hadi chuma kikang'aa, nikasafisha kichwa cha waya kwa msasa, nikafunga upya na kupaka grisi kwa nje. Kipimo kikashuka hadi 0.1. Kazi yote haikufika nusu saa. Altaneta ya zamani niliyokuwa nimeihukumu ilipimwa ikaonekana nzima, na betri ya kwanza ilipochajiwa ikajaa, ikatumika kwenye mashine nyingine kwa zaidi ya mwaka.

Kesho yake nilimfuata yule kijana nyumbani kwao, nikaambiwa yuko Sahare anasaidia kupakua samaki. Nilimkuta ufukweni akiwa na tenga mkononi, nikamweleza yote mbele ya wenzake, kwa kuwa mbele ya wenzake ndipo nilipomvunjia heshima. Alinisikiliza, akasema, "Nilikwambia, fundi." Hakuongeza neno. Mwenye mashine nilimweleza ukweli na nikamlipa gharama ya altaneta kidogo kidogo, na kijana alirudishwa kazini. Hata hivyo, kila ninapofunga ethi namkumbuka na tenga lake.

4. Kwa hiyo pimeni njia, upande wa kwenda na upande wa kurudi, stata ikivuta. Ncha ya mita iguse kichwa chenyewe cha betri na si kibano, kwa maana kati ya kichwa na kibano ndimo uchafu unamojificha. Weka ncha moja kwenye kichwa na nyingine kwenye kibano, na kiungo kizima kitasoma karibu na sufuri. Upande chanya wote, kutoka betri hadi stata, usipoteze zaidi ya nusu volti, na swichi kuu ipimwe peke yake. Kupima waya nene kwa omu hakusaidii, kwa sababu waya uliobaki na nyuzi tatu utasoma sawa na waya mzima mpaka siku utakapobeba mzigo.

5. Altaneta ipimwe mara mbili, mgongoni mwake na kwenye betri, mizigo yote ikiwa imewashwa. Volti 14.2 mgongoni na 13.1 kwenye betri ni ugonjwa wa njia. Zikiwa ndogo kote kuwili, tazama kwanza mkanda, kisha waya mwembamba unaoiamsha altaneta, na uhakikishe taa ya chaji inawaka ufunguo unapowashwa, kwa kuwa kwenye mashine nyingi balbu hiyo ikiungua altaneta haiamki.

6. Msibusti kijiko cha volti 12 kwa lori la volti 24, hata dereva akiwa na haraka kiasi gani. Ncha ya mwisho ya waya hasi wa kubusti ifungwe kwenye bloku ya injini, mbali na betri, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche. Msichomoe betri injini ikiwa inanguruma, na mchomeleaji asiguse mashine kabla betri haijatenganishwa.

7. Mashine ikilala siku nyingi na kuamka haina umeme, pimeni uvujaji mkiwa mmeweka mita katikati ya njia hasi na kila kitu kimezimwa. Miliampea 50 tu hula ampea-saa 1.2 kwa siku, na betri ya ampea-saa 70 itabaki nusu kabla ya mwezi kwisha. Siku hizi ninachokikuta mara nyingi ni kifaa cha jipiesi, cha kufuatilia mashine ilipo, kilichofungwa kabla ya swichi kuu.

Wale vijana wa Pongwe niliwaomba waifunge tena betri ya zamani, waichaji usiku kucha, na ile mpya wairudishe dukani ingali na karatasi zake. Tumekubaliana kukutana Jumatatu saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Waje na mita, msasa na brashi ya waya, na opereta wao awepo, kwa sababu nataka nimsikilize yeye kwanza.