Usigawe makisio kwa 12: kwa wachumi wapya wa halmashauri Nyanda za Juu Kusini

Ukipangiwa kazi ya uchumi kwenye halmashauri ya huku kwetu, iwe Mbarali, Rungwe, Kilolo au Makete, siku za mwanzo utapewa mwongozo wa bajeti, akaunti ya PlanRep (mfumo wa kompyuta wa kupanga bajeti) na jedwali la ukomo wa bajeti. Soma vyote. Ila hakuna hata kimoja kitakachokuambia fedha zinaingia lini, na bajeti nyingi zinakwama hapo hapo.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kufungwa Juni 30. Mishahara na ruzuku zinatoka Hazina, na huko mchumi wa halmashauri hana sauti kubwa. Mapato ya ndani ndiyo yenu, na kwa halmashauri nyingi za huku yanafuata mvua. Msimu wetu wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo mpunga na mahindi yanavunwa, malori yanapanda vijijini, ushuru wa mazao unajaa. Ikifika Januari hadi Machi barabara ni tope na maghala hayana kitu. Kyela wana kakao, Mufindi wana mbao na chai, Chunya wana dhahabu, na kila zao au madini yana mwendo wake. Sasa chukua halmashauri iliyokisia mapato ya ndani ya shilingi bilioni 3 kwa mwaka. Ukigawa kwa 12 unapata milioni 250 kwa mwezi, na wakuu wa idara watakuja kila mwezi wakizitegemea. Februari zikiingia milioni 110, utamnyima nani?

Mwombe mweka hazina makusanyo halisi ya mwezi kwa mwezi, chanzo kwa chanzo, angalau ya miaka mitatu. Usikubali jumla ya mwaka peke yake. Na ukikuta takwimu za zamani, uliza sheria ilikuwaje wakati huo. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa. Kodi ya majengo nayo ilihamia TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, mtu anaponunua umeme. Chanzo kinaweza kuondoka kwa hotuba moja ya bajeti ya Juni bungeni pale Dodoma, kwa hiyo usitundike kituo cha afya kizima kwenye chanzo kimoja.

Toka ofisini pia. Nenda ukakae kwenye geti la ushuru wa mazao msimu wa viazi, mchana mmoja tu. Utaona lumbesa: gunia limejaa, likaongezewa kilemba cha viazi juu na kushonwa kwa kamba, limepita kilo 100 zinazoruhusiwa kwa mbali. Mkusanyaji akihesabu magunia kwenye POS, mashine ya kukatia risiti, lumbesa inalipa sawa na gunia la kawaida. Tofauti hiyo huioni kwenye taarifa yoyote ya mapato, lakini imo kwenye makisio yako.

Kwenye matumizi kazi ngumu si hesabu. Kila kata ina boma lake, la darasa au la zahanati, ambalo wananchi wamechanga na kupandisha kuta hadi linta, wanasubiri halmashauri ipaue. Una milioni 100 na maboma kumi. Njia rahisi ni kumpa kila diwani milioni 10, kikao kinaisha kwa makofi, na Novemba mvua inakuta kuta zote kumi hazina bati. Mimi nitakushauri umalize machache. Diwani atakuuliza mbele ya wenzake, "Mchumi, wananchi wangu nitawaambia nini?" Jibu lake uwe nalo tayari: orodha yenye vigezo, nani anafuata mwaka ujao na kwa nini, iliyopitishwa na Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango kabla haijafika Barazani. Atakasirika, lakini atakuwa na kitu cha kusoma kwenye mkutano wa hadhara.

Wageni wengi kwenye kazi hii huuliza kuhusu akiba. Jimbo la Texas kule Marekani lina mfuko wa akiba ambao wapiga kura waliukubali mwaka 1988. Unalishwa zaidi na kodi ya mafuta na gesi, na wabunge hawauchoti kwa wingi wa kawaida wa kura. Chunya yenye dhahabu ingefaidika na kitu cha namna hiyo, kwa maoni yangu. Lakini kwetu fedha isiyotumika haivuki Juni 30 bila kibali, kwa hiyo akiba yako lazima uijenge ndani ya mwaka wenyewe.

Ninavyofanya: kwanza natoa yale ya kisheria, yaani asilimia 10 ya mapato yasiyolindwa (ya ndani yasiyotengewa matumizi maalumu) kwa mikopo ya vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Inahesabiwa kwa makusanyo halisi, na ukichelewesha ni hoja ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali. Kisha madeni ya wazabuni na madai ya watumishi. Miradi naigawa mafungu mawili. La kwanza linaanza Julai kwa fedha za mavuno, lipaue kabla ya mvua. La pili linaandikwa wazi kwamba halianzi mpaka makusanyo ya Desemba yafikie lengo. Yasipofikia, hakuna fundi aliyeachwa katikati wala deni jipya.

Fungu la kwanza linahitaji maandalizi mapema, Mei na Juni: michoro, makadirio ya gharama, nyaraka za zabuni za kupandisha NeST, mfumo wa ununuzi wa umma mtandaoni. Ukianza kuandaa Agosti utapata mkandarasi Oktoba, na Oktoba kule Makete mawingu yameshaanza kukaa. Kuhusu fedha za kuvuka mwaka, maombi ya kibali yaandaliwe kabla mwaka haujafungwa, yakiambatana na mkataba, hatua ya kazi na kiasi kilichobaki kwa kila mradi. Barua ya jumla isiyo na viambatisho itarudishwa, na Juni huwa hakuna siku zilizobaki za kuiandika upya.