Maswali ya Wasomaji: Anime Imeishia Wapi, Riwaya Nianzie Wapi?

Barua nyingi za safari hii zinagota mahali pamoja. Msomaji amemaliza msimu wa anime (katuni za Kijapani), ana kiu ya kuendelea na riwaya nyepesi iliyoizaa, yaani light novel, hadithi fupifupi zinazotoka juzuu kwa juzuu, hajui ashike juzuu gani. Wengine wameshika juzuu wakakuta hadithi si ile waliyoitazama. Tumejibu kwa namba za juzuu na za episodi, na pale ambapo jibu lingemwaga uhondo wa mtu, tumenyamaza.

SWALI: Shikamoo mhariri. Nimemaliza misimu miwili ya Kusuriya no Hitorigoto, nataka kuendelea na vitabu. Nianze juzuu ya ngapi? Na mbona manga yake, yaani vibonzo vya Kijapani, ziko mbili? (Mwanafunzi wa Maomao)

JIBU: Marahaba. Anza juzuu ya 5. Msimu wa kwanza, ulioonyeshwa Oktoba 2023 hadi Machi 2024, ulikula juzuu ya 1 na ya 2. Msimu wa pili, wa mwaka 2025, ukamaliza ya 3 na ya 4. Kila msimu una episodi 24, kwa hiyo kila juzuu imepata kama episodi 12. Riwaya nyepesi nyingi hubanwa juzuu nzima ndani ya episodi tatu au nne. Ndiyo maana Kusuriya tunaiweka juu ya anime zote za riwaya za miaka hii: kesi zinapewa muda wa kuiva.

Hata hivyo tunakusihi usome juzuu ya 1 kabla ya kuruka kwenda ya 5. Chukua kesi ya kwanza kabisa, ya watoto wa mfalme wanaodhoofika. Kitabuni dalili zinadondoka moja moja kwenye porojo za watumishi, unazikusanya pamoja na Maomao, msichana mjuzi wa dawa ambaye ndiye mhusika mkuu, na unapata nafasi ya kujaribu kujibu mwenyewe kabla hujaambiwa kwamba chanzo ni poda nyeupe ya usoni yenye madini ya risasi. Kwenye anime uso wa Maomao na muziki vinakuonyesha mapema kwamba yeye keshajua. Vyote viwili vinapendeza, ila raha ya kukisia imo kitabuni, na kuanzia juzuu ya 5 utahitaji zoea hilo la kusoma kila sentensi kama ushahidi.

Manga ziko mbili kwa sababu wachapishaji wawili walitoa kila mmoja ya kwake, na zote zilianza 2017. Ya Square Enix huchorwa na Nekokurage, ya Shogakukan huchorwa na Minoji Kurata. Nekokurage ana nyuso na mavazi yasiyo na mpinzani. Kurata anakwenda mbio zaidi na anashikilia upelelezi. Kama unapenda mafumbo kuliko mapambo, mchukue Kurata. Chagua moja ukae nayo, kwa maana mgawanyo wa sura haulingani, na juzuu ya 6 ya manga si juzuu ya 6 ya riwaya. Tena kuna maandishi ya awali ambayo mwandishi Natsu Hyuuga alianza kuyaweka kwenye tovuti ya Shōsetsuka ni Narō mwaka 2011. Usiyachanganye na vitabu katikati ya safari, maana vitabu vilipitiwa upya.

SWALI: Habari za kazi. Rafiki yangu anashikilia kwamba anime ya Re:Zero imekata nusu ya kitabu. Mimi nasema anatia chumvi. Nani mkweli? (Mbishi)

JIBU: Nusu ni chumvi, lakini kukatwa imekatwa, na kuna njia ya kupima bila kugombana.

Riwaya nyepesi ya kawaida ni kitabu cha ukubwa wa A6, yaani milimita 105 kwa 148, chenye kurasa kama 300. Episodi moja ni dakika kama 24. Ukitoa wimbo wa kufungulia na wa kufungia, kila mmoja sekunde 90, unabaki na dakika 21. Msimu wa robo mwaka una episodi 12 au 13. Sasa gawanya: idadi ya episodi kwa idadi ya juzuu zilizoliwa. Ukipata tatu, ujue kurasa 100 zimesukumwa ndani ya dakika 21, na haiwezekani zote zikaingia. Kinachoanguka kwanza ni mawazo ya mhusika, kisha wahusika wadogo, kisha maelezo ya sheria za ulimwengu ule. Matukio yanabaki, sababu zinaondoka. Ukiona mhusika anaamua jambo kubwa ghafla bin vuu, mara nyingi kosa si la mwandishi. Ukurasa wa sababu umebaki kitabuni.

Kwa kipimo chetu, episodi sita na zaidi kwa juzuu ni salama na unaweza kuendelea pale anime ilipoishia. Nne au tano ni sawa, ila rudi juzuu moja nyuma. Tatu kushuka chini, anza upya.

Re:Zero msimu wa kwanza, wa 2016, ulikuwa na episodi 25 kwa juzuu 9. Hata ukikumbuka kwamba episodi ya kwanza ilikuwa na urefu wa episodi mbili, bado ni chini ya tatu. Msimu wa pili ulipata 25 kwa juzuu 6, za 10 hadi 15, na mara nyingi ukaacha wimbo wa kufungulia ili kuokoa dakika. Hapo ndipo studio ya White Fox ilipofanya kazi yake bora. Msimu wa tatu, Oktoba 2024 hadi Machi 2025, ulikuwa na episodi 16 kwa juzuu 5, ya kwanza ikiwa na dakika 90.

Kuna jambo moja zaidi ambalo rafiki yako pengine analilenga. Tukio la mwisho la juzuu ya 9 halikuonyeshwa msimu wa kwanza. Lilihamishiwa mwanzo wa msimu wa pili, 2020. Aliyetazama 2016 alibaki miaka minne na mwisho wa furaha ambao kitabuni haupo hivyo. Tunaona uamuzi ule uliipa televisheni kituo kizuri, lakini ulikinyima kitabu pigo lake.

Aliyemaliza msimu wa tatu aendelee na juzuu ya 21. Ila kabla ya hapo asome ya 4 hadi ya 9, ambazo ni sehemu moja ya hadithi na ndizo zilizobanwa kuliko zote. Juzuu ya 1 hadi ya 3 anaweza kuzisamehe.

SWALI: Frieren nimeitafuta kama riwaya sijaipata. Inauzwa kwa jina gani? (Himmel wa Pili)

JIBU: Chanzo chake si riwaya, ndugu yetu, ni manga. Inaandikwa na Kanehito Yamada, inachorwa na Tsukasa Abe, na imekuwa ikitoka kwenye jarida la Weekly Shōnen Sunday tangu Aprili 2020. Episodi 28 za msimu wa kwanza zinaishia sura ya 60, kwa hiyo fungua sura ya 61.

SWALI: Dada mhariri, Spice and Wolf ya 2008 na ile ya 2024, nitazame ipi? Sina muda wa zote mbili. (Mfanyabiashara Mdogo)

JIBU: Tazama ya 2024, na tunasema hivyo huku tukiipenda ya zamani.

Ya 2008 ilimwondoa Yarei, mwanakijiji mwenye makubaliano ya biashara na Lawrence, mchuuzi msafiri anayefuatana na Holo, mungu wa mavuno wa kijiji hicho, ikaweka msichana wa kubuni aitwaye Chloe. Mabadiliko hayo yaligeuza mgogoro wa kijiji kuwa wivu wa mapenzi. Kitabuni Yarei anawakilisha kitu kizito zaidi: kijiji kilichojifunza kulima vizuri na sasa hakimhitaji tena mungu wake wa mavuno. Toleo la 2024, la studio Passione, limemrudisha Yarei na hoja yake. Sauti za Lawrence na Holo ni zilezile za awali, Jun Fukuyama na Ami Koshimizu, kwa hiyo hupotezi kitu kilichofanya watu waipende.

Faida ya pili ni mpangilio. Zamani juzuu ya 4 ilirukwa, hadithi ikatoka ya 3 kwenda ya 5. Episodi 25 za 2024 zinafuata juzuu ya 1 hadi ya 4 kwa zamu, zaidi ya episodi sita kwa juzuu, kwa hiyo kwa kipimo tulichokitoa kwenye jibu la Re:Zero unaweza kuanza kusoma ya 5 bila wasiwasi. Ukipata nafasi rudi juzuu ya 1, kwenye biashara ya sarafu za fedha, pale Holo anapozitikisa sarafu sikioni na kutambua kwa mlio tu kwamba kiasi cha fedha ndani yake kinabadilika. Soma kurasa zile taratibu, ukiwa na karatasi ya kuandika nani ananunua sarafu gani na kwa nini. Wengi huzipitia haraka, kisha wanalalamika kwamba mwisho wa juzuu haueleweki. Isuna Hasekura ameweka hesabu yote mezani, ni kuifuata tu.

Ya 2008 inashinda kwa kitu kimoja: rangi zake za udongo na machweo. Ile mpya ina mwanga mwingi mno kwa hadithi ya barabara za vumbi.

SWALI: Anime za siku hizi picha zinasimama tu, mdomo ndio unaochezacheza. Studio zimekuwa wavivu? (Jicho Kali)

JIBU: Hapana, na hilo halikuanza leo. Sekunde moja ya video ina fremu 24, lakini michoro mipya kwa sekunde huwa 12 au 8, kila mchoro ukishikiliwa fremu mbili au tatu. Kwenye mazungumzo mwili husimama na mdomo hupewa maumbo matatu: umefunga, nusu, wazi. Nguvu inayookolewa hapo ndiyo inayokwenda kwenye mapigano. Usiihukumu studio kwa watu wawili wanaoongea mezani.

Dalili za matatizo ya kweli ni nyingine. Uso wa mhusika mmoja unabadilika umbo kati ya picha mbili za tukio lilelile. Episodi ya kurudia yaliyokwisha kuonyeshwa inachomekwa katikati ya msimu bila sababu ya hadithi. Na kwenye orodha ya majina ya watengenezaji inayopita mwishoni, wasimamizi wa uchoraji wa episodi moja wanazidi kumi, maana yake kazi iligawanywa kwa pupa dakika za mwisho. Chanzo huwa ratiba: muda wa kurushwa hewani umekwishanunuliwa, michoro haijaisha.

Mfano wa ratiba iliyozidiwa, na uamuzi uliostahili heshima, ni anime iitwayo 86, ya studio ya A-1 Pictures. Episodi ya 22 na ya 23 hazikumalizika ndani ya 2021, zikasogezwa hadi Machi 2022. Mashabiki walinung'unika, lakini zilipotoka zilikuwa za hadhi ya sinema. Tungependa studio nyingi zaidi zingekubali kungoja hivyo. Anime ile inaishia juzuu ya 3, episodi 23 kwa juzuu tatu, kwa hiyo shika ya 4 moja kwa moja.

SWALI: Nipendekezeeni riwaya moja ndefu iliyokwisha, isiyoniacha hewani. (Msomaji wa Usiku)

JIBU: Honzuki no Gekokujō ya Miya Kazuki. Msichana anazaliwa upya katika ulimwengu ambako vitabu ni vya matajiri peke yao, anaamua kuvitengeneza mwenyewe. Riwaya ilikamilika 2023 ikiwa na juzuu 33 za hadithi kuu.

Tunaipenda kwa sababu ya mikono. Myne, ndiye msichana huyo, anajaribu kusuka nyuzi za majani, inashindikana. Anafinyanga vibao vya udongo, vinaharibika. Anachonga vijiti vya mbao, mama yake anavitia jikoni akidhani ni kuni. Karatasi inakuja baadaye sana, kutoka kwenye magome ya mti yanayochemshwa kwa majivu, yanapondwa, yanachujwa. Kitabu kinakueleza kila hatua, na nani anadai malipo gani kwenye kila hatua. Hapo ndipo anime inapopungukiwa. Episodi zake 36 za misimu mitatu ya kwanza zinapita kwenye juzuu 7, yaani kama tano kwa juzuu. Si haba, lakini mikataba na bei zimepunguzwa, na bila hizo hujui kwa nini wafanyabiashara wanamwogopa mtoto mdogo.

Angalia sana namba unaponunua. Vitabu vimegawanywa katika Sehemu tano zenye juzuu 3, 4, 5, 9 na 12, na kila Sehemu inaanza kuhesabu tena kutoka 1. Aliyetazama misimu ile mitatu anahitaji Sehemu ya Tatu, juzuu ya 1. Wengi huagiza "juzuu ya 8" wakaletewa ya Sehemu ya Nne au ya Tano, wakajikuta miaka mbele ya hadithi, watu wamekwishabadilika vyeo.

SWALI: Kila nikifungua riwaya mpya, zile picha za rangi za mwanzo zinaniharibia. Nifanyeje? (Bila Jina)

JIBU: Zifunge kwa klipu ya karatasi kabla ya kuanza. Kurasa za rangi huwekwa mbele ili kumvutia mnunuzi dukani, na mara nyingi huchukua tukio la theluthi ya mwisho ya kitabu. Kwenye nakala ya simu au kompyuta, ingia kwenye orodha ya yaliyomo uguse sura ya kwanza badala ya kufungua jalada. Orodha ya wahusika nayo iruke, hasa kuanzia juzuu ya pili, maana hutaja vyeo na koo ambazo hadithi bado haijazifichua. Na maneno ya mwandishi ya mwisho wa kitabu usiyatangulize: baadhi hutaja jina la aliyekufa katika sentensi ya kwanza.